Sura ya nne na mgonjwa asiyefika hata mmoja

Ukipata nafasi, ingia maktaba ya chuo kikuu chochote hapa kwetu, uchukue tasnifu tano za uzamili za hisabati tumizi zinazohusu magonjwa. Usizisome zote. Ruka moja kwa moja hadi sura ya nne. Kuna uwezekano mkubwa utakutana na kitu kilekile: michoro sita au nane yenye mistari laini ya rangi. Mmoja unapanda, mwingine unashuka, wa tatu unapanda kidogo kisha unatulia. Chini ya kila mchoro kuna maelezo ya sentensi mbili. Juu yake kuna sentensi moja inayosema milinganyo ilitatuliwa kwa njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne kwa kutumia MATLAB. Basi. Baada ya hapo ni sura ya tano, mapendekezo kwa serikali.

Leo nataka kuikosoa sura hiyo. Sitaki kumkosoa mtu fulani wala chuo fulani. Naikosoa kama aina ya uandishi, kama vile mtu anavyoweza kukosoa filamu za siku hizi au hotuba za harusi. Na mfano mbaya nitakaoutumia ni wa kwangu mwenyewe, ili asiwepo wa kuniuliza kwa nini nimemwanika.

Hoja yangu ni fupi. Sura ya nne ndiyo sehemu ya tasnifu inayotakiwa kuonyesha uchanganuzi wa namba, yaani sayansi ya kupata majibu kwa kukokotoa hatua kwa hatua pale kalamu inaposhindwa. Lakini mara nyingi sayansi hiyo haimo. Kilichomo ni picha.

Sura ya nne inatakiwa kufanya nini

Kwa wewe ambaye hujawahi kuona tasnifu ya aina hii, twende taratibu. Tuchukue kipindupindu. Unawagawa watu katika makundi: walio hatarini, wagonjwa, waliopona. Unaongeza kundi la nne ambalo si watu, yaani vimelea vilivyomo kwenye maji. Kisha kwa kila kundi unaandika mlinganyo unaosema linaongezeka au kupungua kwa kasi gani. Mtindo huu una historia yake. Vincenzo Capasso na Stefano Paveri-Fontana waliuandika mwaka 1979 wakijaribu kuelewa mlipuko wa kipindupindu uliozikumba nchi za Ulaya zilizo pembezoni mwa Bahari ya Mediterania mwaka 1973. Mwaka 2001 mtafiti wa Brazili, Cláudia Codeço, aliuboresha kwa kuyapa maji nafasi kubwa zaidi. Tasnifu nyingi za kipindupindu zinazoandikwa leo ni wajukuu wa kazi hizo mbili.

Sura ya tatu ya tasnifu huwa ni ya kalamu. Mwanafunzi anathibitisha kwamba idadi ya watu haitakuwa hasi, anatafuta ile namba maarufu ya R sifuri, yaani mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi pale mwanzoni, na anathibitisha kwamba ikiwa chini ya moja ugonjwa utakwisha. Kazi hii kwa kawaida hufanywa vizuri. Tuna wanahisabati wazuri, na wasimamizi wetu wanaijua sehemu hii kama mkulima anavyolijua shamba lake.

Sasa kalamu inafika mwisho. Milinganyo minne inayotegemeana hivi haina jibu unaloweza kuliandika kwa mstari mmoja. Hapo ndipo unaenda kwenye kompyuta. Unaiambia: anza na hali ya leo, piga hatua ndogo mbele, kokotoa hali mpya, piga hatua nyingine. Carl Runge alionyesha namna ya kupiga hatua hizo kwa ustadi mwaka 1895, Wilhelm Kutta akaikamilisha mwaka 1901. Zaidi ya miaka mia baadaye tunaitumia bado, na ni njia nzuri.

Ila kila hatua ina kosa dogo. Uchanganuzi wa namba ni taaluma inayouliza swali moja bila kuchoka: hili jibu ambalo mashine imenipa liko mbali kiasi gani na jibu la kweli? Kwa maneno mengine ni sayansi ya makosa. Na ajabu ni kwamba unaweza kuisoma sura ya nne nzima usikutane na neno "kosa" hata mara moja.

Chukua simu yako

Huenda unasema, sawa, lakini kompyuta si inajua inachofanya? Hebu fungua kikokotoo cha simu tujaribu.

Tuseme kwenye ndoo kuna vimelea 100 (hesabu kwa kipimo chochote unachotaka), na tumeweka dawa. Vimelea vinakufa kwa kasi ambayo wakati wowote ni mara 3 ya idadi iliyopo, kwa siku. Mlinganyo huu mmoja kalamu inaumudu: baada ya siku moja vinabaki karibu 4.98, na vinaendelea kupungua.

Sasa tujifanye kompyuta. Tutumie njia rahisi kuliko zote, ile ya Euler: idadi mpya ni idadi ya sasa ukitoa kasi mara urefu wa hatua. Piga hatua ya siku nzima. Una 100, vinavyokufa ni 300, vinabaki hasi 200. Siku ya pili unapata 400. Siku ya tatu hasi 800. Ndoo uliyoitia dawa ina vimelea vinavyoongezeka maradufu kila siku, tena siku nyingine viko chini ya sifuri!

Punguza hatua iwe nusu siku: 100, hasi 50, 25. Bado ni kichekesho, ila sasa kinatulia. Tumia hatua ya sehemu ya kumi ya siku: 100, 70, 49, 34.3, na kuendelea. Sasa mstari unashuka vizuri, laini kabisa. Ukifika mwisho wa siku una 2.82. Kumbuka jibu la kweli ni 4.98. Umekosea kwa zaidi ya asilimia 40, na mchoro wako ni mzuri kiasi cha kutia kwenye fremu. Ukitumia hatua mia kwa siku unapata 4.76. Unakaribia.

Funzo la hapa si kwamba Euler ni mbaya. Funzo ni kwamba ulaini wa mstari haukwambii chochote kuhusu ukweli wake. Upuuzi wa hasi 200 una faida, kwa sababu unakushtua. Hatari iko kwenye 2.82, maana hiyo haimshtui mtu. Njia pekee ya kuigundua ni kurudia hesabu kwa hatua ndogo zaidi na kuona kama jibu linasogea. Kazi ya dakika tano. Na ni nadra kuiona kwenye sura ya nne.

Utaniambia, Runge-Kutta ni bora mno kuliko Euler. Kweli. Lakini hata yenyewe ina kikomo cha urefu wa hatua, ukikipita inalipuka vilevile. Na milinganyo ya kipindupindu ina tabia inayoitesa njia ya aina hii: kimelea kwenye maji kinaishi siku au wiki, mtu anaishi miaka sitini. Kasi mbili zilizopishana sana ndani ya mfumo mmoja. Kwa mifumo ya namna hiyo kuna njia nyingine, zinazotafuta idadi mpya kwa kutumia kasi ya mwisho wa hatua badala ya kasi ya mwanzo. Jaribu kwenye ndoo yetu kwa hatua ya siku nzima: 100 unagawa kwa 4, unapata 25, kisha 6.25. Si sahihi sana, lakini haiendi chini ya sifuri wala hailipuki. Kwa hiyo kuchagua njia ni uamuzi wa kisayansi. Kwenye tasnifu zetu umegeuka kuwa salamu, unaitaja kwa sababu wengine wameitaja.

Watu sitini wanaopotea

Kuna jambo jingine ambalo naona halizungumzwi kabisa. Amri ya MATLAB ambayo wengi tunaitumia, ode45, haikuulizi urefu wa hatua. Inajichagulia yenyewe, ikilenga kosa lisizidi kiwango fulani. Usipoiambia kiwango, inatumia cha kiwandani. Kuna kiwango cha uwiano, ambacho ni 0.001, na kuna kiwango cha sakafu, ambacho ni 0.000001. Sakafu ina maana hii: namba ikishuka chini ya hapo, programu haikuahidi tarakimu hata moja iliyo sahihi. Kwake ni kama sifuri.

Sehemu moja ya milioni ni kitu kidogo sana, sivyo? Sasa kumbuka kwamba wengi wetu hatuandiki idadi ya watu, tunaandika sehemu ya jamii, ili jumla iwe 1. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa Watanzania 61,741,120. Sehemu moja ya milioni ya hao ni watu karibu 62. Mlipuko wa Marburg uliotokea Kagera mwaka 2023 ulikuwa na wagonjwa 9. Taifa zima lilisimama kwa ajili ya watu tisa, na lilikuwa sahihi kusimama. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi aliyeacha mpangilio wa kiwandani, wagonjwa hao tisa wako chini ya sakafu. Programu haijaahidi kuwaona.

Hapa MATLAB haina kosa. Mwongozo wake umeeleza yote haya waziwazi. Tatizo ni kwamba hatukuusoma, na hakuna aliyetuuliza.

Swali la Munanila

Nilisema mfano mbaya ni wa kwangu. Tasnifu yangu ilihusu kipindupindu mkoani Kigoma. Nilikuwa na makundi manne, mchoro wa wagonjwa kwa miaka kumi, na kwenye mchoro huo milima miwili: mlipuko wa mwanzo, kisha bonde refu, kisha mlipuko wa pili mwaka wa nne. Sura ya tano nikapendekeza kwa kujiamini kabisa kwamba kampeni ya chanjo ipangwe kabla ya mwaka wa nne. Kwenye utetezi niliulizwa kuhusu R sifuri, nikajibu. Niliulizwa kwa nini mstari mmoja ni wa vitone, nikajibu. Nikafaulu.

Baadaye nilienda Munanila, kwetu. Kwa asiyepajua, ni juu kule milimani, wilaya ya Buhigwe, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa chini ya Kasulu. Burundi iko hapo karibu. Jirani yetu mmoja ni muuguzi mstaafu, na mwaka 2015 wakimbizi walipokuwa wakiingia kupitia Manyovu alikuwa bado kazini. Aliniomba nimwonyeshe "hicho ulichosomea muda wote huo". Nikafungua laptopu.

"Huu mstari mwekundu ndio wagonjwa, mama."

Akautazama kwa muda. Akaweka kidole kwenye bonde. "Na hapa chini, ulipogusa sakafu, ni wagonjwa wangapi?"

"Wachache sana mama. Karibu na sifuri."

"Karibu na sifuri ndiyo wangapi, mwanangu? Mmoja? Wawili? Maana kama ni mmoja, mimi namtafuta nyumba kwa nyumba. Na kama hayupo, ugonjwa umekwisha. Sasa huu mlima wa pili, mgonjwa wake wa kwanza ametoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikaangalia namba zenyewe badala ya mchoro. Kule bondeni zilikuwa zikicheza karibu na sehemu moja ya milioni kumi, nyingine zikiwa na alama ya hasi. Wagonjwa hasi. Kwenye mchoro hazionekani kwa sababu mstari una unene wake. Nikakaza kiwango cha sakafu hadi sifuri kumi na tatu baada ya nukta, na kile cha uwiano nikakikaza pia. Nikaendesha upya. Mlima wa pili ukahama kutoka mwaka wa nne hadi mwaka wa saba.

Yaani mlipuko niliouombea bajeti ya chanjo ulikuwa umepandwa na vumbi la hesabu. Bondeni, mahali pa wagonjwa halisi, palikuwa na kosa la kompyuta, na hali ilipokuwa tayari kosa hilo likakua likawa mlipuko.

Unaweza kudhani basi jibu sahihi ni mwaka wa saba. Hapana, na hapa ndipo swali la yule mama lina uzito kuliko maswali yote ya utetezi wangu. Baada ya kukaza, bonde lilishuka hadi karibu sehemu moja ya bilioni kumi. Kigoma ilikuwa na watu 2,470,967 kwenye sensa ya 2022. Zidisha: ni mgonjwa 0.0002. Hakuna mtu kama huyo. Hesabu sasa ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa ikifuatilia kwa uaminifu mgonjwa asiyefika hata mmoja, kisha ikamwacha aambukize mkoa.

Baadaye nikajua kwamba tatizo hili lina umri karibu sawa na wangu. Mwaka 1991 mwanatakwimu Denis Mollison wa Edinburgh alikosoa modeli maarufu ya kichaa cha mbweha nchini Uingereza. Modeli ilitabiri wimbi la pili la kichaa, lakini kati ya wimbi na wimbi idadi ya mbweha wagonjwa ilishuka hadi sehemu ya mbweha yenye sifuri kumi na saba baada ya nukta kwa kila kilomita ya mraba. Wimbi la pili lilitokana na kipande cha mbweha ambacho hata darubini isingekiona. Mollison alikuwa akiuliza swali lilelile la Munanila.

Dawa ipo. Watu wanapokuwa wachache unaacha sehemu, unahesabu vichwa: mgonjwa mmoja, wawili, sifuri, na kila tukio unalipigia kura ya bahati nasibu kwa uwezekano wake. Daniel Gillespie alichapisha algoriti ya kufanya hivyo mwaka 1976, akaifafanua zaidi mwaka 1977. Inaandikika kwa mistari isiyozidi hamsini ya programu. Ukiitumia, ugonjwa unaweza kufika sifuri kweli na kukaa sifuri, mpaka mgonjwa mwingine aje kutoka nje. Na kwa mahali kama Munanila, mpakani, "kutoka nje" ndiyo habari yote.

Kagunga haikusubiri muda usio na mwisho

Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kigoma. Wengi walikwama Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei, UNHCR ilikuwa imetaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, huku wagonjwa wapya wakiongezeka kati ya 300 na 400 kwa siku. Watu waliondolewa kwa meli ya MV Liemba, karibu 600 kwa safari, hadi Kigoma mjini na baadaye Nyarugusu.

Linganisha sasa na sura ya nne. Modeli zetu zina idadi ya watu isiyobadilika, au inayokua polepole kwa kuzaliwa. Kagunga ilikuwa inapokea na kutoa watu kwa makundi. Modeli zetu zinathibitisha hali itakavyokuwa muda ukienda bila mwisho. Kagunga iliamuliwa ndani ya wiki chache. Modeli zetu zinahitimisha kwamba usafi wa maji upunguze maambukizi. Hilo, samahani, bibi yangu analijua bila Runge-Kutta. Aliyekuwa Kagunga alitaka kujua vitanda vingapi vinahitajika Jumatano ijayo, na je, kuongeza safari moja ya Liemba kwa siku kunaokoa watu wangapi.

Na hata ukiiingiza Liemba kwenye milinganyo, uchanganuzi wa namba unakusubiri mlangoni. Meli kuondoka ni tukio la saa chache. Programu inayojichagulia urefu wa hatua inaweza, mambo yakiwa yametulia, kuruka siku nzima kwa hatua moja na kuipita meli bila kuiona. Lazima uiambie isimame pale, ianze upya. Ni mstari mmoja wa programu, lakini lazima ujue kwamba unahitajika.

Utetezi, na jibu langu

Nawasikia wenzangu. Kwanza: takwimu hakuna. Ni kweli, na si kosa la mwanafunzi. Thamani za sura ya nne nyingi huazimwa kutoka makala za nchi nyingine, nyingine zimeandikiwa tu "imekadiriwa", na mara nyingi hakuna namna nyingine. Lakini ukosefu wa takwimu ni sababu ya kuhesabu kwa uangalifu zaidi. Kama kasi ya maambukizi umeikadiria, basi iendeshe modeli kwa thamani hamsini tofauti, utupe utepe mpana badala ya mstari mwembamba. Mstari mwembamba unadai ujuzi ambao huna.

Pili: muda ni mdogo na tasnifu ni ya kujifunzia tu. Hapa nakubali nusu. Tasnifu ni ya kujifunzia, ndiyo. Ila tunajifunza nini? Tukijifunza kwamba programu ikikubali kuchora basi kazi imekwisha, tutaenda na tabia hiyo wizarani, benki, kwenye mabwawa na madaraja. Mwaka 1991 nchini Norway msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama ukifanyiwa majaribio. Uchunguzi ulionyesha kwamba hesabu za kompyuta ziligawa muundo katika vipande vikubwa mno mahali nyeti, zikakadiria nguvu ya mkato kwa upungufu wa asilimia 47. Kuta zikajengwa nyembamba. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola. Hesabu za Sleipner nazo zilitoka kwenye programu inayoaminika, kama michoro yetu.

Tatu, na hii ndiyo ya kweli zaidi ingawa haisemwi: ukionyesha kosa, utaonekana hujui. Kwa hili nina mtu mmoja wa kuwakumbusha. Lewis Fry Richardson, Mwingereza, alijaribu kukokotoa kwa mkono hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910 katika Ulaya ya kati. Alipata kwamba kgandamizo la hewa lingepanda kwa milibari 145 ndani ya saa sita. Ukweli ni kwamba halikubadilika karibu kabisa. Angeweza kuificha. Mwaka 1922 aliichapisha kwenye kitabu, pamoja na kila hatua ya hesabu, kosa likiwa wazi kwa kila mtu. Kwa kuwa aliweka kila kitu mezani, waliofuata waliweza kuchimba hadi wakaona tatizo lilianzia kwenye vipimo vya mwanzo, na utabiri wa hali ya hewa tunaoutumia leo umesimama juu ya wazo lake. Hakuna anayemkumbuka Richardson kama mtu asiyejua.

Sura ya nne ninayoitamani

Mifano mizuri ipo. Mwaka 2008 Enrico Bertuzzo na wenzake walichapisha modeli ya mlipuko wa kipindupindu wa KwaZulu-Natal wa miaka ya 2000 na 2001, ambamo vimelea vinasafiri kwenye mtandao halisi wa mto Thukela, na matokeo yakalinganishwa na wagonjwa waliorekodiwa. Mto wenyewe uko ndani ya milinganyo. Ninapofikiria mito inayoshuka kutoka Buhigwe na Kasulu kwenda Malagarasi, najiuliza kwa nini hakuna anayeuweka mto kwenye sura ya nne, wakati jina la mkoa tunaliweka kwenye jalada.

Lakini sidai kila mtu afike huko. Nadai mambo manne madogo, na wewe msomaji, hata kama si mwanahisabati, unaweza kuyauliza mbele ya mchoro wowote. Umekaza hatua au kiwango cha kosa ukaona jibu halisogei? Namba ndogo kuliko zote kwenye mchoro huu ni watu wangapi wa kweli? Thamani ulizozikisia zikibadilika, hitimisho linabaki? Na je, kuna jambo lolote kwenye sura ya tano ambalo tusingelijua bila sura ya nne?

Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, basi michoro yote minane ilikuwa mapambo. Yangu ilikuwa mibaya kuliko mapambo, maana ilipendekeza mwaka. Nilipogundua, hisia yangu ya kwanza ilikuwa kushukuru kwamba hakuna ofisi iliyoisoma. Hebu fikiria hilo: mtafiti anashukuru kwamba utafiti wake haujasomwa.

Nimeandika marekebisho ya kurasa mbili nikayaambatanisha na nakala yangu, na mchoro mpya uliohesabiwa kwa vichwa. Katika majaribio elfu moja niliyoendesha bila mgeni yeyote kuingia, mlipuko wa pili haukutokea hata mara moja. Nilipoongeza mgeni mmoja mwenye vimelea anayeingia kwa bahati, ulitokea mwaka wowote ule. Kwa hiyo sina tena mwaka wa kuwapa wizara. Nina ushauri mmoja tu, kwamba mpakani pawe na mtu wa kuhesabu, na yule mama aliujua tangu mwanzo.